Baruti, Fataki na Kiasi: Historia ya Maneno ya Bunduki na Hatari ya Jina Moja katika Tarime na Serengeti

I. Shabaha ya Makala

Kazi ya mwanafunzi wa lugha hudhaniwa kuwa imekwisha pale anapoonyesha asili ya neno na njia lililopita hata kutufikia. Kwa maneno mengi yatosha hivyo. Jina moja likitumiwa kwa viti vya namna mbili hasara yake ni ndogo: msikiaji huuliza, msemaji hueleza, na mambo hunyoka. Lakini yako maneno machache ambayo jina moja likikusanya vitu viwili laweza kumpotezea mtu jicho, mkono au uhai kabla hajapata nafasi ya kuuliza. Maneno ya bunduki, na ya vitu viingiavyo ndani yake, ni miongoni mwa hayo.

Makala haya yafuata historia ya maneno manne: baruti, fataki, risasi na kiasi. Hoja yake ni moja. Katika zamani za bunduki ya kushindilia, Kiswahili kilikuwa na jina mbalimbali kwa kila kitu kilichotiwa katika bunduki, kwa sababu mpigaji alivishika vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja. Baadaye viwandani vitu hivyo vikaunganishwa kuwa kitu kimoja, na majina yakaanza kulegea. Leo, mahali ambapo vitu hivyo hupatikana tena vikiwa vimetengana, wasemaji wana maneno ya kale kwa vitu vipya, na neno la kale humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo. Wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa wa Mara, zaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mahali pengi pa Tanzania, na kwa hiyo zimechaguliwa kuwa uwanja wa uchunguzi huu.

II. Maneno Yalivyotufikia

Tuanze na bunduki yenyewe. Neno hili latokana na Kiarabu, ambamo bunduk ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, mfano wa njugu. Kwa kufanana umbo, jina la tunda likapewa kidonge kilichorushwa kwa upinde, kisha likahamia kwenye chombo chenye kurusha. Basi tangu mwanzo jina la kitu kirushwacho na jina la chombo kirushacho yamekuwa yakibadilishana mahali.

Neno baruti lina historia yenye mafunzo zaidi. Katika Kiarabu cha zamani barud lilikuwa jina la shura peke yake, yaani ile chumvi nyeupe ambayo ni sehemu moja tu ya mchanganyiko. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea na madawa aliyefariki Damascus mwaka 1248, alilitaja kwa maana hiyo, akasema kwamba Wamisri waliiita shura theluji ya Uchina. Baadaye watu walipojua kuchanganya shura na makaa na kibiriti, jina la sehemu likawa jina la jumla. Kiajemi na Kituruki hutamka neno hilo kwa t mwishoni, na matamshi ya namna hiyo ndiyo tuliyo nayo. Msomaji na akumbuke jambo hili, maana litarudi: neno baruti lilikwisha kuhama maana mara moja kabla halijafika pwani yetu.

Risasi ni jina la madini. Kwa Kiarabu ni rasas, na hata leo katika Kiswahili risasi ni ile metali laini na nzito iyeyukayo kwa moto mdogo. Kitu kirushwacho kikaitwa kwa jina la madini yake. Fataki limetoka Bara Hindi, ambako maneno ya jamii hiyo huigiza mlio wa kitu kinachopasuka. Lilipoingia katika lugha yetu lilishika vitu viwili: kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kuwashia bunduki, na vile viliavyo angani siku za sherehe.

Kiasi ni Kiarabu pia, na maana yake ni kipimo. Neno hili ndilo lililosahauliwa zaidi, ingawa kwa hoja yetu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

Pamoja na maneno haya ya kuazimwa, yako ya Kibantu yaliyotwaliwa kutoka kazi nyingine. Mzinga ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Umbo lake likalipa jina bomba kubwa la kurushia tufe. Mtambo ulikuwa mti uliopindwa wa mtego kabla haujawa kifaa cha ndani ya bunduki, na kabla haujawa mashine ya kila namna. Kufyatua kulikuwa kufyatua mtego. Hivi twaona kwamba mwindaji alipokutana na chombo kipya alikieleza kwa elimu yake mwenyewe, na elimu hiyo ilikuwa ya mtego na ya mzinga wa nyuki.

III. Msamiati wa Bunduki ya Kushindilia

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi usio na kifani. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki za kila namna kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa za kikale, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Kwa sababu hiyo namna kadha za bunduki zilitumiwa kwa wakati mmoja, na lugha ilizipambanua kwa njia ya kuwashia moto: bunduki ya mrao, iwashwayo kwa utambi, bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa jiwe, na bunduki ya fataki. Hii ya mwisho ilitokana na uvumbuzi wa Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1807 kwa kutumia dawa zinazoshika moto kwa kupigwa.

Tazama jinsi mpigaji alivyofanya kazi yake. Alimimina baruti katika kasiba, yaani mtutu. Akashindilia kwa mdeki. Akatia risasi moja, au marisau ikiwa anawinda ndege, akashindilia tena. Mwisho akaweka fataki juu ya kifa. Kila tendo lina kitu chake, na kila kitu kina jina lake. Hapana mtu aliyeweza kuchanganya baruti na fataki, kwa kuwa moja ilitoka pembeni na nyingine mfukoni, na kila moja ilipita vidoleni mwake. Jina lilikuwa mlinzi wa mkono.

Na baruti yenyewe ilikuwa ya namna moja. Mchanganyiko wake wa kawaida, shura sehemu 75, makaa 15 na kibiriti 10, ulikuwa umekaribia kuwa uleule katika nchi nyingi. Iko baruti kali na iko hafifu, iko ya chembe kubwa na ya chembe ndogo. Lakini mpigaji aliyezoea baruti moja aliweza kukisia nyingine kwa jicho na kwa kiganja. Kosa lake kwa kawaida lilimpatia teke la bega au mlio hafifu. Tukisema kwamba wazee walipima baruti kwa macho nao wakaishi, tusisahau sababu: neno lao moja lilikuwa na kitu kimoja nyuma yake.

Kisha kikaja kiasi. Askari wa nchi nyingi walizoea kubeba baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa katika karatasi pamoja na risasi yake, kipimo kimoja kwa pigo moja. Waswahili wakakiita kifurushi hicho kiasi cha bunduki. Na zilipofika bunduki za kutiwa kwa nyuma, zenye kutumia ganda la shaba nyeupe au nyekundu, wakaziita bunduki za viasi. Jina hili lilikuwa sahihi ajabu. Lilisema kwamba ubora wa kitu hiki si risasi iliyomo wala ganda lililoko nje, bali ni kupimwa kwake: mtu mwenye ujuzi alipima, na wewe hukubakiwa na haja ya kupima.

IV. Baruti Mbili kwa Jina Moja

Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyo na moshi. Alfred Nobel akafuata mwaka 1887 kwa namna yake, na Waingereza mwaka 1889 kwa yao. Dawa hizi hazina shura wala makaa wala kibiriti. Asili yake ni pamba au nyuzi nyingine za mimea zilizogeuzwa kwa asidi, na baadhi yake zimechanganywa na mafuta yalipukayo. Kwa elimu ya kemia hazina undugu na baruti ya kale. Lakini kazi yake ni ileile, kusukuma risasi, na watu huita vitu kwa kazi yake. Neno baruti likahama mara ya pili.

Tofauti iliyofichwa na jina hili ni kubwa. Baruti ya kale huungua kwa mwendo usiobadilika sana. Baruti isiyo na moshi huungua upesi zaidi kadiri inavyobanwa, na inavyoungua ndivyo inavyozidi kujibana. Zaidi ya hayo, nguvu iliyomo katika kipimo kilekile ni kubwa mno. Mtu akiijaza katika bunduki ya kushindilia kwa kipimo cha macho alichofundishwa na babu yake, mtutu hauwezi kuistahimili. Hupasuka, na hupasuka karibu na uso.

Wanasiasa wa Ulaya waliitambua tofauti hiyo mapema kuliko sisi. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalikubaliana kuzuia silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Bunduki za kisasa na viasi vyake vilizuiliwa. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Nia yao haikuwa usalama wa vidole vya Mwafrika. Ilikuwa kumwachia silaha dhaifu. Lakini matokeo yake katika lugha yafaa kuangaliwa. Kwa muda mrefu Mwafrika wa kawaida alikutana na baruti ya kale peke yake, na ile mpya aliiona imefungwa ndani ya kiasi cha askari. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya jina la pili. Lugha haitungi neno kwa kitu ambacho mtu hakishiki.

Hata katika jeshi la Wadachi tofauti ilionekana kwa macho. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi wa Kiafrika walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, yenye kutumia baruti ya moshi. Kila walipopiga, wingu jeupe lilimwonyesha adui mahali walipo.

V. Mfano wa Mwaka 1915

Historia ya nchi hii ina mfano mmoja mashuhuri wa watu walioyafungua maelfu ya viasi na kuvitengeneza upya. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Wadachi iitwayo Rubens, iliyojificha kwa jina na bendera ya Denmark, ilikimbizwa na manowari ya Waingereza iitwayo Hyacinth, ikaingia Ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikazama katika maji machache. Shehena yake ilikuwa silaha na viasi. Wadachi waliiopoa kwa wapiga mbizi, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kuingia katika viasi.

Jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi kazi ilivyofanywa. Viasi vilifunguliwa, baruti ikasafishwa na kukaushwa, na fataki zilizoharibika zikabadilishwa. Kisha mafungu yalijaribiwa kwa kupigwa, na yale yaliyoshindwa kuwaka mara nyingi yakatengwa kwa mazoezi, yasipelekwe vitani.

Mtu aweza kusoma habari hii akadhani kwamba kufungua na kufunga ni kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Nionavyo, mafunzo yake ni kinyume. Mafundi wale hawakuwa na kitu kisichojulikana mbele yao. Walijua kiwanda, walijua namna ya bunduki, na baruti iliyotoka katika ganda ilirudi katika ganda la namna ileile kwa kipimo kilekile. Swali lao lilikuwa moja tu: je, maji yameharibu? Hilo ni swali ambalo jaribio laweza kulijibu, na hasara ya jibu baya ni bunduki kukataa kulia. Mtu aliyeokota kopo la unga mweusi lisilo na maandishi ana swali jingine kabisa: hiki ni nini? Akilijibu kwa jaribio, hasara yake ni bunduki kupasuka. Maswali haya mawili hufanana kwa sauti, na watu wengi wameyaona kuwa ni mamoja.

VI. Tarime na Serengeti

Sasa tuje katika uwanja wetu. Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ni nchi ya Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wengine, watu ambao uwindaji kwa mishale ya sumu, mitego na mashimo ulikuwa elimu yao tangu kale. Wadachi walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, na hivyo kiasi cha askari kikafika nyikani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikageuza uwindaji wa wenyeji wengi kuwa kosa la sheria. Jambo lifanywalo kwa siri hukosa mwalimu wa hadharani. Elimu ya mshale iliweza kupita kwa mzee hadi kijana mbele ya watu. Elimu ya gobori imepita gizani, na gizani hapana wa kusahihisha.

Tarime ni nchi ya Wakurya, waliogawanyika katika koo nyingi, na ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, Kenya. Wakurya wengi walitumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Waingereza, na baadaye jeshi la Tanzania. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilipokwisha, baadhi ya silaha zilirudi pamoja na watu. Michael Fleisher, aliyechunguza wizi wa mifugo katika nchi ya Wakurya na kuchapisha kitabu chake mwaka 2000, ameonyesha jinsi silaha hizo zilivyobadili wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mkuki na upinde. Ndipo katika wilaya moja vikakutana gobori la kutengenezwa nyumbani, ambalo mara nyingi mtutu wake ni bomba la chuma lisilokusudiwa kazi hiyo, na kiasi cha jeshi chenye baruti isiyo na moshi.

Kisha kikaja kitu cha tatu. Katika Nyamongo, wilayani Tarime, wachimbaji wadogo wametafuta dhahabu kwa miaka mingi, na mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mwamba hupasuliwa kwa milipuko, na kitu cha kupasulia huitwa baruti. Hivyo ndivyo inavyosema hata Serikali: sheria inayohusu milipuko ya migodini, Sura ya 45, huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Baruti. Na kile kidude cha kuwashia mlipuko wa mwamba, wako wanaokiita fataki.

Basi mkazi wa wilaya hizi akiambiwa, "Nina baruti na fataki," ameambiwa nini? Aweza kuwa ameambiwa habari ya pembe ya mzee na vifuniko vyake vya shaba. Aweza kuwa ameambiwa habari ya chembe zilizotolewa katika viasi vya jeshi. Aweza kuwa ameambiwa habari ya dawa ya mgodini na kiwasho chake, ambacho nguvu yake haina ulinganifu na fataki ya bunduki, na ambacho kikilipuka mkononi huondoka na vidole. Vitu vitatu, hatari tatu, majina mawili. Na neno risasi halitusaidii, kwa kuwa siku hizi lina maana ya madini, maana ya kipande kirukacho, na maana ya kiasi kizima pamoja na ganda lake. Mtu akisema mahakamani kwamba aliokota risasi, hakimu hana budi kuuliza kama ilikuwa imepigwa au haijapigwa, na kama ilikuwa nzima au kipande.

VII. Vinavyosema na Vilivyo Bubu

Kiasi cha leo kina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na risasi. Wataalamu wa nchi ambazo sheria zake humruhusu raia kujaza maganda upya wana kanuni moja juu ya sehemu zisizojulikana, na kanuni hiyo yapendeza kwa mtu wa lugha, maana yahusu maandishi.

Sehemu mbili kati ya nne zaweza kutambuliwa. Ganda lina maandishi kwenye kitako chake, aghalabu alama ya kiwanda pamoja na mwaka au jina la namna ya bunduki. Tena laweza kupimwa urefu na upana. Risasi, kwa maana ya kipande kirukacho, yaweza kupimwa uzito na unene. Nyingi ni madini matupu, ingawa za jeshi huweza kuwa na dawa ya moto ndani yake, na rangi iliyopakwa nchani huwa ni onyo. Vitu hivi viwili, kwa kiasi fulani, husema.

Sehemu mbili nyingine ni bubu. Fataki iliyotoka katika kisanduku chake haionyeshi nguvu yake. Na baruti ni bubu kuliko zote. Aina zake ni nyingi sana, na mbili zaweza kufanana kwa rangi, kwa umbo na kwa harufu, na moja ikaungua upesi maradufu ya nyingine. Weusi wake si ushahidi, kwa kuwa baruti nyingi zisizo na moshi hupakwa unga wa kijivu au mweusi. Kuiwasha kidogo juu ya jiwe ili kuitazama hakusaidii: namna iunguavyo hadharani haielezi namna itakavyoungua ndani ya chuma. Kuichanganya na nyingine ni kutengeneza kitu ambacho hapana kiwanda kilichokipima. Kwa hiyo kanuni yao ni fupi: baruti isiyo katika chombo chake cha kwanza, chenye maandishi ya mtengenezaji, haina jina, na isiyo na jina haitumiwi, hata na fundi. Haitafutiwi jina, bali huondolewa.

Katika Tanzania mwananchi hana haja ya kufika huko. Silaha na viasi viko chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na dawa za milipuko ziko chini ya Sheria ya Baruti. Anayekuta vitu hivi shambani, katika paa la nyumba ya marehemu au kando ya shimo la dhahabu, anapaswa kuviacha palepale, kuwazuia watoto, na kutoa habari kwa polisi au kwa kiongozi wa kijiji. Asivifungue, asivigonge, asivitupe motoni wala chooni, asivihamishie katika chupa, asivibebe mfukoni wala katika gari la abiria. Baruti kuukuu yenye harufu kali ya asidi, au yenye kutoa unga au moshi wa rangi ya kutu, imekwisha kuanza kuharibika na yaweza kuwaka yenyewe. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na Serikali yetu imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha. Vipindi hivyo ni mlango mzuri kwa mwenye urithi wa namna hii.

Wala mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya wajinga peke yao. Maghala ya jeshi, yenye walinzi na wataalamu, yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na watu wa Dar es Salaam waliokufa na kujeruhiwa hawakuwa na kosa lolote.

VIII. Wajibu wa Wenye Lugha

Polisi wana kazi yao na mahakama zina yake. Yetu ni ipi? Nadhani ni kurudisha upambanuzi ambao lugha ilikuwa nao. Hatuhitaji kutunga maneno ya ajabu. Napendekeza tuseme baruti ya moshi kwa ile ya kale. Baruti isiyo na moshi kwa ile ya viasi. Na baruti ya miamba kwa ile ya migodini. Fataki libaki la bunduki, na kile cha mgodini kiitwe kiwasho cha mlipuko. Ganda liwe ganda, na risasi iwe kile kirukacho. Kitu kizima, chenye sehemu zote nne, kirudishiwe jina lake la haki, kiasi.

Watakuwako watakaosema kwamba umma haufuati kamusi, nami nakubali. Neno fataki lenyewe ni shahidi: tangu kampeni ya redio iliyoanza mwaka 2008 hivi, kijana wa Tanzania akilisikia huweza kumfikiria mtu mzima anayewarubuni wasichana kabla ya kufikiria bunduki. Maneno huenda yatakako. Lakini hati ya mashtaka, tangazo la polisi, kibao cha mgodini na somo la shule havitungwi na umma. Hutungwa na watu wachache wanaosoma kurasa kama hizi. Kibao kikisema "baruti ya miamba", na tangazo likisema "kiasi kizima au ganda tupu", mkulima wa Tarime atajua ni kitu gani anachoonywa nacho.

Liko na jambo la pili. Wazee waliotumia bunduki ya kushindilia kwa halali wanazidi kupungua, nao ndio wenye maneno ya mdeki, kifa na kasiba, pamoja na maneno ya Kikurya, Kingoreme na Kiikoma yaliyokwenda sambamba nayo. Wanafunzi wetu watokao Mkoa wa Mara wangefanya kazi ya maana kama wangeyakusanya, si kwa ajili ya kamusi tu, bali kwa ajili ya mahakama na wakalimani wanaosikiliza mashahidi wa lugha hizo. Kuuliza si ujinga, na muulizaji wa leo bado ana wa kumjibu.

Wazee wetu walipokutana na kifurushi kilichopimwa na mtu mwingine, walitazama sifa yake iliyo kubwa kuliko zote, wakakiita kipimo. Anayemimina baruti asiyoijua katika mtutu anaondoa kipimo na kubakiza mlipuko.